Mashahidi Wawili wa Udongo Mmoja

Litmasi ya buluu ikichovywa kwenye maji ya ndimu hugeuka nyekundu. Mwanafunzi wa shule mjini Meru au Embu hulijua hilo mapema, kwa kuwa asidi, besi na viashiria ni mada ya masomo yake ya sayansi, na anaweza pia kuponda petali za maua ndani ya alikoholi ajitengenezee kiashiria chake mwenyewe. Lakini mwanafunzi huyohuyo akipanda haidranjia kwenye udongo wenye asidi, ua litachanua buluu. Kwenye udongo uliotiwa chokaa ya kutosha litachanua waridi. Litmasi inasema asidi ni nyekundu, ua linasema ni buluu, na hakuna anayedanganya.

Basi rangi inasema nini hasa kuhusu asili ya kitu? Swali hili si la maabara peke yake. Dini zinazohubiriwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya hufundisha kuwa ya ndani hujulikana kwa yanayoonekana nje, na pia huonya dhidi ya kuhukumu kwa macho. Mafundisho hayo mawili yamekaa pamoja kwa karne nyingi, na haidranjia inaonyesha kwa nini yote mawili yanahitajika.

Ua hilo halioni asidi. Linachokipokea ni alumini. Udongo ukiwa na asidi ya kutosha, alumini iliyofungwa ndani ya mfinyanzi huyeyuka, mizizi huifyonza, nayo ikikutana na rangi ya asili ya ua huigeuza buluu. Alumini hiyohiyo ndiyo inayodumaza mizizi ya mahindi. Katika sehemu za juu za Meru na Embu, mvua ya miaka isiyohesabika imechukua kalisi na magnesi kutoka udongo mwekundu wa volkano, na mbolea ya DAP ikirudiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi. pH ikishuka chini ya 5.5 mahindi huanza kuteseka, na mkulima huliona shamba lake limechoka.

Panda sasa hadi kwenye mashamba yanayopeleka majani katika viwanda vya Rukuriri na Mungania huko Embu, au Githongo huko Meru. Mchai hustawi penye pH ya kati ya 4.5 na 5.5, na majani yake makuukuu hulimbikiza alumini bila kudhurika. Chokaa inayookoa mahindi ikimwagwa hapa kwa wingi itaharibu. Udongo ni uleule, kipimo ni kilekile, lakini jibu la swali kama udongo huu ni mzuri au mbaya linategemea mmea uliosimama juu yake.

Robert Boyle, anayejulikana na wanafunzi wa Kenya kwa sheria yake ya gesi, alikuwa mtu wa dini sana. Wasia wake ulianzisha mihadhara ya kuitetea imani ya Kikristo, iliyoanza mwaka 1692. Mwaka 1664 alichapisha kitabu kuhusu rangi, akaeleza jinsi sharubati ya maua ya vayoleti inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alikali. Wakati huo walikuwapo matabibu walioamini kuwa karibu kila kitu mwilini na duniani kinaelezeka kwa ugomvi wa asidi na alikali. Mwaka 1675 Boyle aliwapinga kwa maandishi. Alikuwa na kipimo cha kutenga pande mbili, akakataa kabisa kuugawa ulimwengu mzima pande mbili. Huo ni uaminifu wa akili unaostahili heshima.

Kemia ya baadaye ilimpa haki zaidi. Mwaka 1923 wanakemia Brønsted na Lowry, kila mmoja kivyake, walieleza kuwa asidi ni kinachotoa protoni na besi ni kinachopokea. Maji hufanya yote mawili, kutegemea yamekutana na nani.

Viashiria navyo vina mipaka yao. Mvua safi, kabla haijagusa ardhi, huwa na pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya kabonidioksidi ya hewani. Tia methili oranji ndani yake: itakuwa njano, rangi ileile inayotoa ndani ya besi. Tia fenoftalini: itakaa bila rangi, kama inavyokaa ndani ya asidi. Ya kwanza hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, ya pili huanza kubadilika karibu na 8.2. Kila moja imejibu swali lake kwa usahihi. Anayekosea ni mtu aliyesikia moja tu akaondoka na hukumu.

Hukumu ya kiashiria kimoja hutolewa nje ya maabara pia. Katika viapo vya kale vya Embu na Meru, kama kile cha kumpiga beberu kiitwacho kuringa thenge, aliyeapa kwa uongo alitarajiwa kupatwa na balaa, na balaa ikawa ushahidi. Hofu ya kiapo iliwafanya wengi waseme kweli, na hilo halipaswi kudharauliwa. Ila ugonjwa una sababu nyingi, na kukosekana kwa balaa hakuthibitishi ukweli, kama ambavyo haidranjia nyeupe haigeuki buluu hata katika udongo wenye asidi kali. Ndiyo maana kazi nyingine ya wazee ina uzito zaidi: Njuri Ncheke, baraza la Ameru lenye makao yake ya jadi Nchiru, huketi kama kundi na kusikiliza pande zote kabla ya kuamua. Ibara ya 159 ya Katiba ya mwaka 2010 inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za watu.

Mabaraza na maabara yana jambo moja la kujihadhari nalo pamoja. Kiashiria chenyewe kwa kawaida ni asidi dhaifu. Hubadilika rangi kwa sababu nacho hutoa protoni au huirudisha. Hakina mahali pa kusimama nje ya kile kinachopimwa, kama mzee wa baraza asivyosimama nje ya jamii yake. Kwa hiyo mwalimu hutia matone mawili au matatu tu. Akimimina kingi, pH ya kimiminiko dhaifu itasogea, na rangi atakayoisoma itakuwa kwa sehemu ni ya kiashiria chenyewe.