Mzazi Mbele ya Milango Miwili

Hapana mzazi mwenye akili timamu anayemtakia mwanawe elimu duni. Maskini na tajiri, mkulima na karani, wote huafikiana katika jambo hili, ijapokuwa hutofautiana katika mengine mengi. Lakini kutaka jema ni jambo moja, na kulitambua ni jambo jingine. Wakati wa mtoto kuingia shule ya upili ukifika, mzazi mwenye uwezo kidogo husimama mbele ya milango miwili. Mmoja ni wa shule ya umma, ambayo ni mali ya wananchi wote. Wa pili ni wa shule ya binafsi, ambayo humpokea yule awezaye kulipa karo yake. Apitie upi? Wengi hulidhani swali hili kuwa la fedha tu, wakalijibu kwa kuhesabu. Makusudi ya insha hii ni kuonyesha kwamba ni swali la moyo pia, na kwamba sababu inayomfanya mzazi achague huwa somo la kwanza la mtoto katika shule yake mpya, kabla hajafungua kitabu.

Yafaa kwanza tukumbuke shule zetu zilitoka wapi. Katika siku za ukoloni watoto wa Kenya walitengwa shuleni kwa rangi zao. Shule ya Prince of Wales, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, na ile ya Duke of York, iliyofunguliwa mwaka 1949, zilikuwa za watoto wa Wazungu. Waafrika walikuwa na shule chache za misheni, kama Maseno iliyoanza mwaka 1906, na Alliance iliyoanza huko Kikuyu mwaka 1926. Na kila kijana aliyeingia humo aliacha wenzake wengi nje ya lango. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, iliteuliwa tume chini ya Simeon Ominde ichunguze elimu ya nchi. Tume hiyo ilipendekeza kwamba ubaguzi wa rangi shuleni ukomeshwe, na kwamba elimu iwe njia ya kuwaunganisha wananchi. Leo shule ya Prince of Wales huitwa Nairobi School, na ya Duke of York huitwa Lenana School. Zote mbili ni za umma.

Wananchi nao hawakungoja kutendewa kila kitu. Kwa mwito wa Harambee walitoa mbuzi, kuku, mbao, mabati na nguvu za mikono yao, na shule nyingi za upili zikasimama mahali palipokuwa vichaka. Wako wazee waliobeba mawe ya shule ambazo wao wenyewe hawakupata kusoma ndani yake. Kwa hiyo shule ya umma ni amana, na aliyeachiwa amana hana ruhusa ya kuidharau. Ukuta wa rangi ulibomolewa kwa taabu. Itakuwa aibu kubwa kama sisi tutaujenga tena kwa matofali ya fedha.

Hata hivyo haifai kuficha ukweli kwa ajili ya heshima ya wazee. Mwaka 2003 elimu ya msingi ya umma ilipofanywa kuwa bure, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Ilikuwa furaha kuu, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu aliyezoea watoto arobaini alijikuta mbele ya themanini. Wazazi wengi waliojiweza wakawahamishia watoto wao katika shule za binafsi. Mwaka 2008 serikali ikaanza kugharimia masomo katika shule za upili za umma, kwa kutoa shilingi 10,265 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi; lakini mzazi wa mtoto wa bweni aliendelea kulipia chakula na malazi, na kila mzazi alinunua sare. Hivyo hata mlango wa umma haukuwa wazi kabisa kwa asiye na kitu.

Na jambo la ajabu ni hili, kwamba wazazi wengi waliokimbia shule ya msingi ya umma walirudi mbio kuitafuta shule ya upili ya umma. Shule za upili zilizosifiwa sana nchini, kama Alliance, Maseno na Mang'u, ni za umma. Mwaka 2011 serikali ilipopunguza nafasi za watoto waliotoka shule za msingi za binafsi katika shule za kitaifa, manung'uniko yalisikika kila upande. Hapa twajifunza kwamba neno umma halina maana ya ubovu, wala neno binafsi halina maana ya ubora. Ziko shule za binafsi zenye maktaba na viwanja vya kupendeza, na ziko nyingine zilizo katika vyumba vya kupanga juu ya maduka. Ziko shule za umma zenye maabara kamili, na ziko ambazo mwanafunzi husoma habari za kemia bila kuona chupa hata moja ya dawa.

Basi mwenye kuchagua asitazame kibao cha langoni. Aingie ndani. Aulize walimu ni wangapi na kama hukaa au huhama kila muhula. Atazame maji, choo na jiko. Zaidi ya yote, kama mtoto atalala huko, atazame milango na madirisha ya bweni. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya upili ya umma huko Machakos. Mwaka 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya msingi ya binafsi huko Nyeri. Moto haukuuliza karo ililipwa kwa nani. Mzazi anayeona haya kumwomba mwalimu mkuu amwonyeshe mlango wa dharura ameshindwa na wajibu wake, hata akilipa karo siku ya kwanza ya muhula.

Sasa na tuingie katika kiini cha swali. Wako wasemao kwamba mtu mwenye fedha akimwondoa mwanawe katika shule ya umma, huwadhulumu watoto wa wengine. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwenye fedha aghalabu ndiye mwenye sauti. Katika mkutano wa wazazi yeye ndiye athubutuye kuuliza kwa nini maabara haina maji, na kwa nini mwalimu wa hesabu hajapatikana tangu muhula uliopita. Akiondoka, huondoka na sauti yake. Wanaobaki ni wale wasiojua waandike barua kwa nani, au wasioweza kuacha kibarua cha siku moja ili waje mkutanoni. Shule hudhoofika, na kudhoofika kwake huwafukuza wengine wenye sauti, mpaka pasibaki wa kusema. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haisemi mtoto wangu. Yasema kila mtoto.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Mtoto si tofali la kuzibia ufa wa nyumba ya jirani. Miaka yake ya shule ni michache na haimrudii. Baba akijua kwamba mwanawe hafundishwi kitu, naye ana njia ya kumwokoa, kisha akamwacha pale ili yeye mwenyewe asifiwe kwa kuwapenda watu wote, amelipia sifa yake kwa mali isiyo yake. Tunayo ruhusa ya kujitoa sisi wenyewe kwa ajili ya wengine. Kuwatoa watoto wetu ni jambo la kuogopwa. Kwa hiyo simhukumu anayechagua shule ya binafsi, wala simhukumu anayechagua ya umma. Natazama kwanza amechagua kwa sababu gani, na amesema maneno gani mbele ya mtoto.

Nitaeleza habari za majirani wawili niliokaa nao mtaa mmoja mjini Nakuru. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mtu mwema na hodari wa kazi. Mwanawe alipata nafasi katika shule ya umma ya kutwa iliyokuwa karibu na nyumbani, nayo haikuwa mbaya. Lakini fundi aliona fahari ya magari yaliyoshusha watoto kwenye shule fulani ya binafsi, akauza kipande cha shamba alichorithi ili ampeleke huko. Siku ya safari alimwambia mwanawe, nasi majirani tukisikia, "Nimekutoa kwa watoto wa ovyo. Usirudi kuwa kama wao." Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Mwaka wa pili fedha za shamba zilikwisha, na kijana akarudishwa nyumbani kwa karo mara tatu. Akawa anashinda sokoni na sare yake, akiona haya kuonekana nyumbani mchana. Mwishowe baba alimpeleka katika ile shule ya kutwa aliyoikataa. Walimu walimpokea vizuri, na katika masomo hakuwa nyuma. Lakini hakuweza kuketi na wale aliofundishwa kuwadharau. Kabla ya mwaka kwisha aliacha shule. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mimi nadhani hata hasara ya shamba isingemwangusha kijana yule, lau asingalibebeshwa maneno ya baba yake.

Jirani wa pili alikuwa mama mjane aliyeuza nafaka. Binti yake alikuwa mzito wa kusikia, na katika darasa la wanafunzi sabini sauti ya mwalimu haikumfikia. Mama alikwenda shuleni mara nyingi kuomba binti aketishwe mbele. Aliketishwa, lakini makelele ya darasa yalibaki pale pale. Basi alimhamishia katika shule ndogo ya binafsi, ambayo darasa lake halikuzidi watoto ishirini, akajinyima mengi ili alipe. Binti alipomwuliza kwa nini anatengwa na rafiki zake, mama alimjibu, "Mwanangu, nakuhamisha kwa sababu ya masikio yako, si kwa sababu ya wenzako. Wenzako ni watu wema." Na kwa kuwa mdogo wake binti alibaki katika shule ya umma, mama hakukosa mkutano wa wazazi hata mmoja. Alisimama na kuuliza habari za madawati mpaka madawati yakaletwa. Wote wawili walilipa karo kwa taabu. Lakini mtoto wa fundi alifundishwa dharau, na binti wa mjane alifundishwa kwamba mahitaji ya watu hayalingani ingawa heshima yao ni sawa.

Kama mtu atasema kwamba milango hii miwili haiwezi kamwe kukutana, na aitazame historia ya Starehe. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo mjini Nairobi kwa ajili ya wavulana waliozurura bila makao. Kilianza kwa vibanda viwili vya bati, nacho kikakua kuwa mojawapo ya shule za upili zenye sifa kubwa nchini. Desturi yake ilikuwa kwamba mvulana asiye na kitu alisoma bure, na mwenye wazazi wa uwezo alilipiwa kadiri ya uwezo huo, na wote wawili walivaa sare moja na kula chakula kimoja. Haikuwa shule ya faida, na fedha za watu wengi ziliingia humo kwa hiari kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa wao. Mkono mmoja haulei mwana.

Liko jambo moja zaidi ambalo wazazi wa zamani walilisahau, nalo ni kumwuliza mtoto mwenyewe. Mwaka 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10, wakigawanyika katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kijana anayependa kuchora akipelekwa katika shule ya gharama kubwa isiyo na mwalimu wa sanaa, ghali ile haimsaidii. Mzazi ndiye mwamuzi, kwa kuwa yeye ndiye mlipaji na ndiye aliyeona mengi. Lakini mwamuzi mwema husikiliza kabla ya kukata shauri.

Nanyi vijana msomao insha hii, wengine mmeketi katika shule za umma, wengine za binafsi, na wachache sana mlichagua wenyewe. Hamna sababu ya kujivunia mlango ambao mwingine aliwafungulia, wala hamna sababu ya kuuonea haya. Anayelipiwa na baba yake ni mdeni wa baba yake. Anayelipiwa na serikali ni mdeni wa mama auzaye mboga, ambaye hulipa kodi katika kila kibiriti anachonunua. Deni la kwanza hulipwa nyumbani, na la pili hulipwa nchini. Na yule wa kwanza asijidhani hana deni la pili, maana barabara apitayo kwenda shule yake nzuri haikujengwa na baba yake peke yake.

Siku itakuja mtakapokuwa wazazi, mkasimama mbele ya milango ile ile. Chagueni kwa kadiri ya mahitaji ya mtoto na kwa kadiri ya mfuko wenu, msiuze shamba kwa ajili ya fahari, wala msimwache mtoto azame kwa ajili ya sifa. Mkipita mlango wa binafsi, msiusahau mkutano wa shule ya umma iliyo mtaani kwenu, kwa maana watakaoishi na mwanao katika nchi hii wanalelewa humo. Na kabla hamjamshika mtoto mkono kumwongoza, fikirini mtamwambia nini njiani.