Kilichomo Ndani ya Kidonge

Kwenye pakiti ya parasetamoli pameandikwa miligramu 500. Anayeinunua katika duka la dawa muhimu pale Sanawari, Arusha, au kule Ngaramtoni, huisoma namba hiyo, kama anaisoma, kisha anameza. Ni namba ya ajabu kidogo. Anayeihitaji hana njia ya kuihakiki, na mwenye njia ya kuihakiki huenda asikutane na mgonjwa huyo maisha yake yote. Namba ambayo msomaji wake hawezi kuithibitisha inamwambia nini hasa?

Sokoni Kilombero muuza maharage hupima mbele ya macho yako. Ukiitilia shaka mizani yake unahamia meza ya jirani. Kidonge hakikupi nafasi hiyo. Chenye dawa kamili na chenye nusu yake vinaweza kufanana kwa rangi, kwa umbo, hata kwa uchungu wake ulimini. Watu wa miteremko ya Meru wanalijua jambo hili kupitia maji. Vyanzo vingi vya hapa hutoa maji meupe na baridi, lakini yamebeba floridi iliyotoka kwenye miamba ya volkano. Huioni, huionji. Utaijua miaka kadhaa baadaye, meno ya mtoto yanapoota yakiwa ya kahawia. Ndiyo maana pale Ngurdoto kipo kituo kinachotafiti namna ya kuipunguza. Na floridi hiyohiyo, ikiwa kidogo, huimarisha meno.

Basi ninaposema kiasi sisemi wingi. Wingi ni habari ya kitu chenyewe, hata kama hakuna mtu wa kukitumia. Kiasi ni wingi unaomfikiria mtu: mwili fulani, umri fulani, ugonjwa fulani. Miligramu 500 ndani ya pipa kiwandani ni wingi tu. Zinakuwa kiasi pale zinapokusudiwa kwa mwenye homa, ambaye zikipungua hazitamsaidia, na akizirudia kupita mpaka zitaliumiza ini lake. Kwa hiyo swali la ni dawa kiasi gani imo ndani ya kidonge lina mtu ndani yake tangu mwanzo.

Swali hilo maabara hulijibu kwa mwanga. Kanuni za dawa za Uingereza zinataka vidonge 20 vya parasetamoli vipimwe uzito na kusagwa, sehemu ya unga wake iyeyushwe, halafu mwanga wa urujuanimno wa nanomita 257, usioonekana kwa jicho, upitishwe ndani ya kimiminika kinachoonekana kama maji matupu. Mwanga mwingine hufika upande wa pili, mwingine haufiki. Usiofika ndio wenye habari. Pierre Bouguer aliandika juu ya kufifia kwa mwanga mwaka 1729, Lambert akalirudia jambo hilo kihesabu mwaka 1760, na mwaka 1852 August Beer akaonyesha jinsi kufifia huko kunavyofuata ukolezo wa kilichoyeyushwa. Kwa njia hiyo dawa hujulikana kwa kivuli chake.

Je, kukijua kitu kwa kivuli ni kukijua kweli? Kivuli hakitaji jina la mwenye nacho. Kitu kingine chochote kinachofyonza mwanga uleule kingeweza kusimama mahali pa dawa, na mashine isingeshtuka. Ndiyo sababu mara nyingi kivuli cha kidonge hulinganishwa na kivuli cha dawa safi ya rejea, ambayo nayo ilihakikiwa na watu wengine, kwa mizani iliyokaguliwa na watu wengine tena. Ukiufuata mnyororo huo hadi mwisho hukuti ukweli umekaa peke yake ukikusubiri. Unakuta watu waliokubaliana namna ya kupima. Msomaji anaweza kusema: kumbe ni makubaliano tu! Nilikaribia kuridhika na jibu hilo, lakini homa inalikataa. Mwili wa mgonjwa haukushirikishwa katika makubaliano yale, na dawa ikipungua utapungukiwa hata kama vyeti vyote vina mihuri.

Hata makubaliano yenyewe yana upana. Kidonge cha parasetamoli kinakubalika kikiwa na asilimia 95 hadi 105 ya kilichoandikwa, yaani kati ya miligramu 475 na 525. Kuna atakayeona huo ni ulegevu. Mimi naona ni unyoofu, kwa kuwa anayedai miligramu 500 kamili, bila kupungua wala kuzidi, anadai kitu ambacho hakuna mkono wala mashine iliyowahi kukitoa mara milioni moja mfululizo.

Mkoa huu wa Arusha umewahi kuona aina nyingine ya kuamini. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kimoja, shilingi 500, kutoka mkononi mwake. Wapo waliowacheka wasafiri wale. Mimi sikuona cha kucheka. Walikuwa wakitafuta kitu ambacho namba ya kwenye pakiti haina: mtoaji mwenye uso, anayekuona unapokunywa. Tofauti ninayoiona iko kwingine. Kikombe kilimtaka mnywaji aamini, na asipopona hapakuwa na kitu cha kurudi kukipima. Namba ya kidonge inaweza kukutwa ni ya uongo. Hapo ndipo ninapouweka uaminifu wa dawa, kama hali ya kukubali kukaguliwa na kuumbuliwa. Tanzania iliupa ukaguzi huo chombo chake kwa sheria ya mwaka 2003, chombo ambacho tangu mwaka 2019 kinaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Maabara yake ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, mwaka uleule wa kikombe.

Lakini ukaguzi huona nini? Miteremko ya Arusha ina jibu lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa huku walipanda artemisia, mmea ambao Tu Youyou na wenzake nchini China walikuwa wamechopoa artemisinini ndani yake mwaka 1972. Majani yalikaushwa na kupelekwa Kenya kukamuliwa. Kutokana na artemisinini hutengenezwa artemetha, na artemetha imo katika dawa mseto tunayopewa tukipatikana na malaria: miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini ndani ya kidonge kimoja. Artemetha huvipiga vimelea kwa kasi siku za mwanzo, lumefantrini hubaki mwilini kumalizia.

Sasa kipitishie mwanga kidonge hicho. Lumefantrini huufyonza vizuri, kivuli chake ni kizito na cha wazi. Artemetha, kama mama yake artemisinini, karibu haina kivuli. Mwanga huipita kana kwamba haipo, isipokuwa kwenye mawimbi mafupi kabisa, ambako karibu kila kitu hufyonza. Ili ionekane vyema lazima itenganishwe kwanza na mwenzake, au igeuzwe kikemikali iwe kitu kingine ambacho mwanga unaweza kukikamata. Yaani ile sehemu iliyotoka kwenye majani, inayowahi kumwokoa mtoto, ndiyo inayojificha.

Hili linanishughulisha kuliko yote. Chombo kizuri hakidanganyi. Hujibu kwa usahihi swali ulilokiuliza, na hakikukumbushi ambalo hukuliuliza. Anayepima dawa mseto kwa mwanga peke yake anaweza kupata namba sahihi ya lumefantrini, kujaza fomu, kuweka sahihi, na asiwe amesema neno lolote la uongo. Kinachomrudisha kwenye meza kutafuta nusu ya pili hakimo ndani ya mashine. Ni kule kujua kwamba kidonge hiki kitafika Mto wa Mbu, kwa mzazi atakayekisaga kwenye kijiko na kumnywesha mwanawe, na kwamba artemetha ikikosekana homa itachelewa kushuka, naye mzazi atafikiri mtoto amekitapika.