Mkulima ni Nani?

Kiswahili kina ukarimu ambao sisi walimu tumeuzoea hata hatuuoni tena. Neno mkulima halina uke wala uume, na kiwakilishi "yeye" hakimbagui mtu. Mwanafunzi asomaye kwamba mkulima aliyatazama mawingu hana budi kuamua mwenyewe kama aliyetazama ni mama au ni baba. Lakini mkutano wa wakulima ukiitishwa kijijini, neno hilo hilo hupata jinsia ghafla: wanaume huketi mbele, na wake zao waliopalilia tangu alfajiri huwa wangali kisimani.

Tuchukue mfano wa Paya, katika nchi ya Jopadhola, wilaya ya Tororo huko Uganda. Mvua zake ni mbili kwa mwaka: za Machi hadi Juni, na za kuanzia Agosti hadi Novemba. Wimbi, mtama na karanga vilipangwa kwa kalenda hiyo. Sasa kalenda imeanza kudanganya. Mvua huchelewa, au hukatika mimea ikiwa katika maua, au humwagika kwa siku chache na kuondoka na udongo. Mkulima ambaye mtama wake umekauka juu, huteremka bondeni kulima mpunga kinamasini. Mpunga si mgeni katika nchi hiyo; skimu ya Doho ilianza kujengwa kwa msaada wa China mwaka 1976, katika eneo ambalo sasa ni Butaleja.

Je, wote huteremka kwa masharti mamoja? La hasha. Kwa mila, ardhi hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mke hulima kwa sababu ameolewa. Mume akitaka kuchimba mfereji wa kukausha kinamasi, huuchimba. Mke hupandikiza miche, hupalilia, huamia ndege; gunia likifika kwenye mizani, bei husemwa na mume. Tena kinamasi kikikaushwa, maji ya chini ya ardhi nayo hushuka, kisima cha jirani hupungua, na safari ya kuteka maji hurefuka. Anayeirefukiwa siye aliyeshika jembe la mfereji. Basi tendo liokoalo chakula cha nyumba laweza kuitwa jema, iwapo gharama yake hulipwa na mtu ambaye hakuulizwa?

Wako watakaojibu kwamba mwenye ardhi ndiye mwenye madeni: ada ya shule ikidaiwa, huulizwa baba. Hoja hii ina uzito, wala hatupendi kuwasingizia akina baba uvivu. Ila inahesabu deni la fedha peke yake. Saa mbili za njia ya kisimani kila siku nazo ni malipo, ingawa hazina stakabadhi.

Sheria imekwisha kuanza kuliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 hairuhusu kuuza ardhi inayoilisha familia bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na Katiba ya 1995 inaviweka vinamasi chini ya amana ya serikali kwa ajili ya wananchi. Lakini mfereji si mauzo. Waweza kuyahamisha maji yote ya nyumba bila kuuza hata hatua moja ya shamba.

Hapo twautazama Mto Malaba. Hutoka Mlima Elgon, huwa mpaka wa Uganda na Kenya, kisha hupita Tororo kuelekea Mpologoma na Ziwa Kyoga. Nchi hizo mbili zimekubali kwamba wanaoshiriki mto hawana budi kushauriana. Ndiyo sababu kukawa na mradi wa Sio-Malaba-Malakisi chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulioanzishwa mwaka 1999. Hakuna aliyeona kwamba Uganda imedharauliwa kwa kuulizana na Kenya. Kwa nini basi mume wa Paya aone amedharauliwa akimwuliza mkewe kabla ya kuchimba?

Wala haitoshi kumwalika mama mkutanoni. Mkutano wa saa tatu asubuhi, wakati madumu yamepangwa foleni kisimani, umekwisha kuamua nani atakayesema. Tungefurahi kukisikia chama cha wakulima wa mpunga, upande wowote wa mpaka, kilichousogeza mkutano wake hadi alasiri kwa sababu hiyo tu.