Subira na Kisu

Wako watu ambao, wakishikwa na maumivu ya kiuno yateremkayo pajani mpaka wayoni, hukaa kitandani wakisema: "Huu ni mtihani wa Mola wangu, nikipasuliwa nitakuwa nimekosa subira." Hawawezi kurukuu wala kusujudu, na riziki ya watoto imekatika. Je, hiyo ndiyo subira tuliyofundishwa?

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Baina ya pingili za uti wa mgongo pana visahani vya gegedu, vyenye ulaini ndani. Kisahani kikipasuka, ule ulaini hutokeza ukagandamiza mshipa wa fahamu. Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston walilieleza jambo hili waziwazi, na tiba yao ilikuwa kuufungua mgongo. Katika miaka ya 1970 Parviz Kambin, huko Philadelphia, alianza kutafuta njia ya kuingilia ubavuni. Leo daktari aweza kupitisha kijibomba chenye kamera katika tundu la kadiri ya sentimita 1, akakitoa kipande kilichotokeza, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake siku ile ile au ya pili.

Basi asemaye "naogopa kisu", udhuru wake umepungua. Na asemaye "nasubiri", ajue kuwa subira ni kutomlalamikia Mwenyezi Mungu, si kuikataa dawa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na mwili ni amana.

Lakini wako na wa upande wa pili: wakisikia tundu ni dogo, huuza shamba la minazi wakakimbilia ng'ambo. Hao nao wamefanya haraka. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa wiki chache bila ya kupasuliwa. Utafiti uliotolewa Uholanzi mwaka 2007 ulionyesha kuwa waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi. Ila baada ya mwaka walikuwa sawa na waliongoja kwanza, ingawa baadhi ya hao nao walipasuliwa baadaye. Na tundu liwe dogo namna gani, mshipa waweza kudhurika, na kisahani chaweza kutokeza tena.

Kwa hiyo kila kimoja kina wakati wake. Mguu ukipooza, mapajani kwa ndani pakafa ganzi, au mkojo ukawa hauzuiliki au hautoki, hapana kungoja hata usiku mmoja. Anayengoja hapo hakusubiri, amejidhulumu. Pasipo dalili hizo, ajitibu kwa utulivu, na asiyeweza kusimama na aswali kwa kukaa, kwani dini imempa ruhusa.

Na daktari naye ana amana yake. Akijua mgonjwa atapona kwa kungoja, kisha akampasua kwa tamaa ya fedha, amemla mali yake na mwili wake. Tundu ni dogo, bali dhambi yake si ndogo.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.