Kwa Mwanga wa Koroboi

Sina ugomvi na mtu anayelia akitazama The Green Mile. Mjukuu wangu alikuja nayo kwenye flashi kutoka Morogoro mjini, tukaitazama wote sebuleni, na kufika kwenye kiti cha umeme nyumba nzima ilikuwa inapenga kamasi. Kwa ambaye hajaiona: ni sinema ya mwaka 1999 ya Frank Darabont, imetoka kwenye riwaya ya Stephen King, na mambo yake yanatokea gerezani kusini mwa Marekani mwaka 1935. John Coffey, mtu mweusi mwenye mwili wa kutisha na moyo wa mtoto anayeogopa giza, amekutwa amepakata maiti za watoto wawili wa Kizungu, damu imemtapakaa, analia. Hakuna aliyejiuliza muuaji gani anakaa palepale akilia mpaka akamatwe. Rangi yake ilitosha kuwa ushahidi. Sisi watazamaji tunaujua ukweli kwa sababu Coffey ana karama ya kuponya, na kwa karama hiyohiyo anamwonyesha mkuu wa askari magereza, Paul Edgecomb, nani hasa aliyewaua watoto wale.

Kinachonikera ni hiyo karama.

Niliwahi kuwa mzee wa baraza, enzi ambazo Mahakama Kuu haikuweza kusikiliza kesi ya mauaji bila sisi. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022, jaji huwaita wazee akiona haja. Wakati ule mama muuza nyanya wa Mlali unavaa kitenge chako kizuri, unakaa karibu na jaji, unasikiliza mashahidi wa Jamhuri na wa utetezi, na mwisho jaji anakuomba maoni. Maoni yako hayamfungi. Lakini lazima useme, tena kwa sauti, mshitakiwa akikutazama.

Mshitakiwa wetu alikuwa kijana mfugaji, na marehemu alikuwa mkulima. Anayeijua Mvomero au Kilosa ameshaelewa. Huku kwetu ukitamka “Mang’ati”, jina tunalowabandika wafugaji, kesi imekwisha, wala hatukumbuki kwamba wenyewe hawajiiti hivyo. Chuki hiyo haikuanguka kutoka mawinguni. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, wakulima zaidi ya 30 waliuawa na wafugaji, na tangu hapo kila kijana mwenye fimbo na shuka anatembea na wafu wale mgongoni, hata kama mwaka ule alikuwa bado hajazaliwa. Na mimi ni mkulima. Ng’ombe wamewahi kulala kwenye shamba langu la nyanya, asubuhi nikakuta nimebaki na miti ya kuegeshea tu. Jioni nikishuka kwenye gari pale Mlali, wanawake wa matenga walikuwa hawaniulizi ushahidi ulikwendaje. Waliuliza kama yule Mang’ati tumeshamfunga.

Ushahidi ulikuwa wa mtu mmoja aliyesema alimwona usiku kwa mwanga wa koroboi.

Jaji alitufundisha jambo ambalo ningependa lisomwe misikitini na makanisani. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na usitumike kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Kwa hiyo uliza: shahidi alikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Mwanga ulikuwa mkali kiasi gani? Alikuwa anamjua kabla ya hapo? Yule shahidi wetu sidhani kama alikuwa mwongo. Alikuwa ameona shuka, fimbo na urefu, na kilichobaki kijiji kilimjazia.

Nilisema sijaridhika, kuna shaka. Jaji naye alimwachia. Na mpaka leo sijui kama aliua.

Hapo ndipo sinema ile inatuhadaa kidogo. Inatupa hakika ambayo mahakama haijawahi kuwa nayo, kisha inatuuliza kama ni haki kumuua asiye na hatia. Nani atajibu ndiyo? Tena Coffey si kwamba hana hatia tu, ni karibu malaika. Anaponya wagonjwa, anafufua panya. Yule aliyewaua watoto kwa kweli, Wharton, anapigwa risasi akiwa kwenye selo yake, bila kesi, na Coffey mwenyewe ndiye aliyeusukuma mkono wa askari kwa karama yake. Wajukuu wangu walishangilia. Sinema ya kulaani mauaji ya mtu aliyehukumiwa kimakosa imemuua mtu ambaye kwa kosa lile hakuhukumiwa kabisa, na sisi tukapiga makofi. Halafu Coffey anakubali kufa, anasema amechoka, ili Edgecomb apate kulala usingizi. Sikulipenda hilo hata kidogo.

Na kwetu pia yametokea. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, hapahapa mkoani kwetu, walikamatwa Sinza, Dar es Salaam, pamoja na dereva teksi. Wakapelekwa msitu wa Pande, wakapigwa risasi wote wanne. Polisi wakatangaza kwamba majambazi wameuawa katika mapambano. Watu wa bara wenye pesa nyingi mkononi, wageni mjini: hayo yalitosha, kama rangi ya Coffey ilivyotosha. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka, ikabainika hawakuwa majambazi na mapambano hayakuwapo. Magazeti yaliiita kesi ya Zombe, ingawa Abdallah Zombe mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, aliachiwa na Mahakama Kuu mwaka 2009 na tena na Mahakama ya Rufani mwaka 2016. Rufani ile ilimtia hatiani ofisa mwenzake mmoja, na adhabu ikawa kunyongwa hadi kufa.

Miaka ile yote neno lililosemwa mkoani kwetu lilikuwa moja: hawakuwa majambazi. Ni kweli, na ilibidi lisemwe. Lakini nilikuwa najiuliza, na wangekuwa majambazi? Msitu ungekuwa uleule, na hukumu ileile iliyotolewa na wenye bunduki. Huruma inayosubiri kwanza kuthibitishiwa usafi wa marehemu inafika baada ya mazishi.

Kwa kipimo hichohicho sioni ninavyoweza kufurahia kamba ya yule ofisa. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyeua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, na jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua. Jaji Mwalusanya alisema mwaka 1994 kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba; mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mbushuu, ikakiri kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaona Katiba inairuhusu. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, ikaamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kuvunja haki ya kuishi. Tangu 1994 hajanyongwa mtu. Rais Magufuli alisema wazi mwaka 2017 kwamba hataki kupelekewa majina. Huruma hiyo naiheshimu, ila imekaa kwenye kalamu ya mtu mmoja, na kalamu hubadilisha mikono.

Kaka yangu wa tumbo moja ni mwalimu wa madrasa; mimi nilibatizwa nilipoolewa Mgeta. Waluguru tumezoea. Tulipobishana kuhusu adhabu hiyo nilimtajia Kaini, aliyemuua nduguye na Mungu akamtia alama ili asiuawe na yeyote, na kwamba mwaka 2018 Papa Fransisko aliibadilisha Katekisimu ikasema adhabu ya kifo haikubaliki. Akanijibu kwamba Kurani imeweka kisasi, lakini papo hapo ikawapa warithi wa marehemu mlango wa kusamehe na kupokea dia. Nikamwambia basi kifungu cha 197 kiko mbali na Kurani kuliko anavyodhani, maana hakimuulizi mrithi wala jaji. Kwa desturi yetu angeulizwa mjomba, lakini huko mahakamani mjomba anakaa kwenye benchi la nyuma na watazamaji wengine.

Alikubali hilo, akasema hiyo ni hoja ya kurekebisha sheria, si ya kufuta adhabu. Warithi wakikataa kusamehe, haki yao ibaki. Nikamuuliza warithi hao wanajuaje kwamba aliyeletwa mbele yao ndiye aliyeua. Akasema kwa mashahidi. Ikabidi tuanze upya.