Sura ya Mtu si ya Kuchezea

Wanangu mnaotengeneza wanasesere wa mbao kwa mashine ya leza, nimeiona kazi yenu na nimeipenda. Mtu analeta picha ya mama yake, ya maharusi, au ya mtoto aliyemaliza darasa la saba, kisha anaondoka na mwanasesere mwenye sura ile ile. Ufundi huu una heshima na unaweza kuwalisha. Lakini anayewapa picha amewakabidhi sura ya mtu, na sura ni amana. Nipeni sikio, mimi niliyekula chumvi nyingi nikiwa na patasi mkononi.

Kwanza, ombeni ruhusa. Msichukue picha ya mtu mtandaoni mkaigeuza bidhaa kwa sababu imependeza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria, adabu inatosha. Picha ya mtoto, mwulizeni mzazi. Wapo pia ambao imani yao haipendi sanamu ya mtu. Waheshimuni bila ubishi.

Pili, itazameni picha kabla ya kuwasha mashine. Leza huchora kwa kuunguza: inapopita panakuwa peusi, pasipoguswa panabaki na rangi ya ubao. Picha ya mtu mweusi iliyopigwa penye giza, ikipelekwa kama ilivyo, uso mzima huungua ukawa doa. Macho na tabasamu vyote hupotea. Dawa yake si kumpausha mtu. Ombeni picha nyingine iliyopigwa karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Kisha choreni mistari inayomtambulisha: nyusi, macho, pua, midomo, misuko ya nywele; ngozi iacheni ibaki na rangi ya ubao. Inkscape ni programu ya bure na inatosha kwa kazi hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokimbia, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tatu, ujueni ubao. Plaiwudi ya milimita 3 inafaa kuanzia, maana matabaka yake yamepishana na haipasuki upesi kama ubao mtupu. Hata hivyo shingo nyembamba huvunjika, na vidole vilivyotenganishwa havidumu, viacheni vimeshikana. Mkitoboa kitako cha kumsimamishia mwanasesere, pimeni unene halisi, kwa kuwa plaiwudi iliyoandikwa milimita 3 huweza kuzidi au kupungua, na mwale nao hula ubao kidogo unapokata. Kateni kipande cha majaribio kwanza.

Nne, lindeni uhai wenu. Leza ya kaboni dioksidi, aliyoibuni Kumar Patel huko Marekani mwaka 1964, ndiyo inayokata mbao katika karakana nyingi, na mwale wake hauonekani kwa macho. Nukta nyekundu mnayoiona ni ya kuelekeza tu. Msifungue kifuniko mashine ikikata, wala msiiache peke yake, kwani ubao huweza kushika moto ghafla. Kizima moto kiwe karibu. Moshi utolewe nje kwa feni, hasa mkikata ubao wa MDF, ambao gundi yake hutoa sumu. Plastiki ya PVC msiikate kabisa: moshi wake huchoma mapafu na kutia kutu vyuma vya mashine.

Tano, wafikirieni watoto. Pigeni kingo msasa, futeni masizi. Mwanasesere wa mtoto aliye chini ya miaka 3 asiwe na kofia wala viatu vya kubandika. Kopo linalotumika kupimia vitu vya kuchezea lina upana wa milimita 31.7, kipande kinachoingia humo chote huweza kumkaba mtoto.

Mkipanga bei, hesabuni na saa za kuchora, si dakika za mashine pekee. Ujuzi wenu umo kwenye mchoro. Na kabla ya kumkabidhi mteja kazi yake, mwonyesheni mtu anayemfahamu mwenye picha. Asipomtambua, rudini mezani mchore upya. Msipokee malipo ya sura ambayo ndugu zake hawaijui.