Kufuta na Kusitiri

Katika mtaa wetu hapa Tanga, mtu akisema "nimefuta" hakuna anayemwuliza amefuta vipi. Mwalimu akipitisha dasta ubaoni, vumbi la chaki linashuka na maneno hayapo tena. Mwenye duka akilipwa deni huchora mstari juu ya jina la mdaiwa, na ingawa jina bado lasomeka chini ya ule mstari, wote wawili hukubaliana kwamba limefutwa. Nami mwaka 2016 nilimwambia mtu neno hilo, tena nikaapa. Mwaka jana nilipata sababu ya kujiuliza niliapa nini.

Mtu huyo nitamwita Jirani. Alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana, nami nilikuwa katibu. Hesabu za mwaka zilipofungwa zilikuwa na upungufu wa shilingi 640,000. Kikao kilianza jioni kikaendelea hadi karibu saa sita za usiku, na watu wazima wenye mvi walitamka maneno ambayo asubuhi yake hawakuweza kutazamana usoni. Mwishowe Jirani akakubali kwamba fedha alizichukua yeye. Akatoa na sababu: maradhi ya bintiye, akayataja kwa jina, maradhi ambayo hata ndugu zake wa damu walikuwa hawayajui. Niliyaandika yote katika kompyuta, neno kwa neno, maana nilijiona katibu hodari.

Wiki tatu baadaye niligundua kwamba hapakuwa na fedha iliyopotea. Stakabadhi moja ya michango niliiingiza mara mbili katika hesabu. Kosa lilikuwa langu. Nilipomwuliza Jirani kwa nini alikiri jambo ambalo hakulifanya, alinijibu, "Nilitaka mwende makwenu mkalale."

Chama kilimwomba radhi. Yeye hakudai fidia wala karamu. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba muhtasari wa kikao kile ufutwe. Alikuja nyumbani, akavuta kiti. Karatasi tuliyokuwa tumechapa tuliichoma uani, akaitazama mpaka ikawa majivu. Kisha nikafungua faili mbele ya macho yake, nikaondoa aya moja baada ya nyingine, nikaandika mahali pake sentensi moja kwamba hoja ya hesabu ilifungwa, nikahifadhi.

"Limefutika?" akauliza.

"Limefutika. Naapa."

Basi mwaka jana nilikusudia kumpa mjukuu wangu ile kompyuta aende nayo chuoni. Nilimwita mpwa wangu, ambaye riziki yake ni kutengeneza mashine hizi, aisafishe kwanza. Akaniuliza, "Mjomba, humu mna siri yoyote?" Nikamjibu kwamba ilikuwamo, lakini niliifuta, tena niliandika maneno mengine juu yake. Kijana akacheka kwa adabu. "Hii si ile diski ya kuzunguka, mjomba. Hii ni SSD. Juu ya maneno hapaandikiki."

Alinieleza jioni nzima, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye. Nitayasema kwa lugha yangu, na mafundi wanisamehe.

Diski ya zamani ilikuwa sahani ya sumaku inayozunguka. Ukiandika mahali palipokuwa na maandishi, yale ya kwanza yanapotea chini ya yale ya pili. SSD haina kinachozunguka. Ndani yake mna chipu za flashi, na humo maandishi ni chaji ndogo za umeme zilizofungiwa katika vyumba visivyohesabika. Vyumba hivyo vimepangwa kurasa kurasa, na kurasa mamia kadhaa hufanya bloku moja. Sheria yake ni ya ajabu kidogo. Unaweza kuandika ukurasa mmoja mmoja, lakini huwezi kufuta ukurasa mmoja. Kufuta ni bloku nzima kwa pamoja. Ni kama daftari lililoandikwa kwa wino usiofutika. Ukitaka kuondoa ukurasa mmoja, huna budi kunakili kurasa njema zote katika daftari jipya, kisha ulichome lile la zamani.

Tena kuchoma huko kunachosha chipu. Chipu nyingi za siku hizi, ambazo kila chumba huweka biti tatu, hustahimili kufutwa mara elfu moja hadi elfu chache tu, kisha zinaanza kusahau. Kwa hiyo mashine huogopa kufuta kama bahili aogopavyo kutoa. Ukibadilisha neno moja, haigusi ukurasa wa zamani. Huandika ukurasa mpya mahali pengine palipo tupu, halafu inarekebisha ramani.

Ramani hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Kompyuta huomba "nipe ukurasa wa 500," ikidhani 500 ni mahali. Si mahali. Ni kama sanduku la posta. Sisi tuliozoea kupokea barua kwa S.L.P. twajua kwamba namba ile haisemi mtu analala wapi. Unaweza kuhama Makorora ukaenda Chumbageni, ukahama tena, na barua zikaendelea kukufikia kwa namba ile ile. Ndani ya SSD mna karani mdogo, yaani programu inayoishi humo humo, mwenye daftari la kuonyesha kila namba inakaa nyumba gani leo. Daftari lenyewe si dogo. Kwa kawaida kila kurasa ya kilobaiti 4 huhitaji baiti 4 za ramani, hivyo diski ya terabaiti moja yahitaji ramani ya gigabaiti moja hivi. Karani huiweka katika kumbukumbu ya aina nyingine, ile ya haraka inayosahau kila umeme ukikatika, na nakala yake huihifadhi katika flashi. Diski za bei nafuu hazina kumbukumbu hiyo ya haraka ya kutosha, basi karani hushika mkononi sehemu ndogo tu ya ramani na kuifuata iliyobaki kila anapoihitaji.

Na kurasa zenyewe huhamahama. Diski nyingi hupokea maandishi kwanza katika uwanja wa haraka, ambako kila chumba hubeba biti moja tu. Kisha mashine ikipumzika, huyahamishia katika vyumba vya biti tatu. Kila kuhama kunaacha nyuma nakala ya zamani. Ramani haiielekei tena, lakini ipo mpaka bloku yake ifikiwe na zamu ya kufutwa. Tena karani mwangalifu huandika pembezoni mwa kila ukurasa namba ya mwenyewe, ili ramani ikipotea aweze kuijenga upya. Kwa hiyo hata ile nakala iliyoachwa bado imeshika jina lake.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Sasa kile kikao kimo au hakimo?"

"Labda kimo, labda hakimo," akasema. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 kompyuta huiarifu diski ya namna hii kwamba kurasa fulani hazina mwenyewe tena, na diski huzifuta kwa wakati wake. Miaka imepita, huenda zilichomwa zamani. Lakini si mimi wala yeye awezaye kuona, kwa sababu njia pekee tuliyo nayo ya kuingia humo ni kupitia kwa yule yule karani, naye kwa namba ya zamani hutuonyesha maneno mapya tu. Anayetaka kuona zaidi ya hapo hana budi kuzing'oa chipu na kuzisoma kwa vyombo vyake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego walifanya hivyo hasa. Waligundua kwamba kati ya mbinu zote zilizotumika kufuta faili moja moja katika diski za kuzunguka, hakuna iliyofaa katika SSD.

Je, nilisema uongo? Nadhani sivyo. Uongo wahitaji kujua, nami sikujua. Lakini kiapo si habari tu. Aliyekuja kwangu hakuja kuuliza mimi naamini nini juu ya faili; alikuja aondolewe mzigo. Mzigo haukuondoka, ulihama. Wala siwezi kusema "labda" leo juu ya jambo nililosema "naapa" jana, nikajiona sina deni.

Nilitaka kumtupia lawama karani wa ndani ya diski, kwamba yeye ndiye mwongo. Lakini nilipochunguza asili yake nilisita. Flashi ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa katika kampuni ya Toshiba, miaka ya 1980, na inasimuliwa kwamba jina lake lilitolewa na mwenzake kwa sababu ufutaji wake, bloku nzima kwa mara moja, ulimkumbusha mwako wa taa ya kamera. (Ni kichekesho kwamba kitu kilichopewa jina kwa sifa ya kufuta ndicho kinachoogopa kufuta.) Mwaka 1995 Amir Ban wa kampuni ya M-Systems ya Israeli alipata hataza Marekani kwa mpango wa ramani ya namna hii. Nia yake haikuwa kumdanganya mtu. Programu za wakati ule zilijua diski za sumaku tu, na flashi isingefaa kitu kama isingejifanya diski. Basi karani huficha ugeni wa chipu, huficha vyumba vilivyokufa na kuweka vingine vya akiba mahali pake, huficha uchovu. Sisi twalo neno la kazi hiyo, nalo si uongo. Ni stara.

Hapo ndipo nilipoona nilipokosea. Jirani aliomba kufutiwa, nami nikampa stara, nikaiita kufuta. Vyote viwili ni vyema. Mtu anayejua aibu ya mwenzake akanyamaza, amemsitiri, nasi twamsifu kwa hilo kuliko tunavyomsifu aliyesahau. Lakini kilichofutwa hakina haja ya mlinzi. Majivu yale uani hayakuhitaji mtu wa kuyalinda. Kilichositiriwa kinamhitaji mlinzi kila siku, na mlinzi wa kwanza ni yule aliyesitiri. Mimi kwa kuamini nimefuta niliacha kulinda. Miaka yote ile kompyuta ililala sebuleni, watoto wakaichezea, mara mbili niliiazimisha, na sasa nilikuwa naifunga kwenye begi iende Dodoma.

Rafiki yangu mmoja niliyemsimulia alinipinga. Alisema kitu kisichofikiwa na mtu yeyote ni sawa na kisichokuwapo, na kwenda kumwambia Jirani ni kufukua kaburi ili nafsi yangu ipate raha. Hoja yake ya pili ilinichoma, maana ina ukweli. Ya kwanza siikubali. Kisichofikiwa leo hakifikiwi kwa sababu ya hali fulani: ramani iko hivi, mashine iko mikononi mwa fulani, hakuna mwenye haja ya kutafuta. Hali hizo hubadilika. Siku hizi hata sheria zimeingia katika jambo hili, Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa ile ya 2022, nazo zimempa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Najiuliza ni makarani wangapi wa ofisini watakaobonyeza kama nilivyobonyeza mimi, wakajibu kwa barua yenye mhuri kwamba wamefuta.

Nilikwenda kwa Jirani siku ya Jumapili. Nilimweleza kwa mfano wa sanduku la posta, akaelewa upesi kuliko mimi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Binti yangu ameolewa sasa." Hakuongeza neno. Akachukua kofia yake, tukaenda pamoja.

Mpwa wangu alikuwa ametayarisha amri ya kiwandani, ile inayoiambia diski ifute kila bloku, pamoja na za akiba ambazo ramani haizionyeshi. Jirani alikaa kiti kile kile cha 2016. Safari hii hakuondoa macho kwenye kioo. Kazi ilimalizika kabla hatujanywa nusu ya chai, na mashine ikaandika kwamba imekamilisha.

"Mbona upesi hivi?" Jirani akauliza. "Karatasi ilichukua muda kuungua."

"Ndivyo ilivyo, mzee," mpwa wangu akamjibu. "Inamwaga chaji zote kwa pamoja."

"Na wewe umeona zikimwagika?"

Kijana alikuwa mkweli. Alisema hakuona, alichoona ni jibu la mashine. Na katika uchunguzi ule wa 2011, nilikuwa nimekwisha kusoma, ilikuwapo diski iliyojibu kwamba imefuta hali maandishi yote yamo. Nilimwambia Jirani hilo pia, nikahisi mpwa wangu akinitazama kwa mshangao.

Jirani akauliza kama kile chombo hutoka. Mpwa wangu alifungua skrubu chini ya kompyuta, akachomoa kisanduku chembamba kisichozidi ukubwa wa kiganja, akampa. Jirani alikipima uzito mkononi, akakitia katika mfuko wa shati, akamalizia chai yake na kuniuliza diski nyingine kwa ajili ya mjukuu itagharimu kiasi gani. Nilimwambia hiyo ni juu yangu. Hakubishana.